Mlevi wa Kampuni

Niliacha kazi mwezi uliopita, na karani mpya ameniomba niandike jinsi ilivyofanywa, ili ninyi mnaonifuata msianze mikono mitupu. Ninyi mna gari la sinema na kipaza sauti. Mimi nilikuwa na sanduku la sabuni la kusimamia, na mdomo. Sijui mtafaidika na nini, lakini mtu aliyelipwa miaka ishirini kwa kusema hawezi kuombwa kusema bure akakataa.

Katika vitabu vya kampuni niliandikwa mwonyaji wa kambi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Kutoka Salamabila hadi kambi za mwisho za Kabambare niliitwa mlevi wa kampuni. Kampuni ilikuwa na seremala wake, mpishi wake, muuguzi wake, na mlevi wake. Tofauti ni kwamba seremala alitakiwa aendelee na useremala, na mimi nilitakiwa niwe nimeacha. Juu ya vyeo sitaandika, kwa sababu sikupanda hata kimoja. Juu ya mshahara hakuna neno litakalowafurahisha ninyi wala mimi.

Nilizaliwa karibu na Kasongo, kwa wakulima Wakristo. Shule ya misheni niliiacha darasa la tatu. Mwalimu alitufundisha kwamba Lualaba inakwenda mpaka baharini, nikamwuliza ni nani aliyeifuata akarudi kusema. Alinichapa. Nikaona ni afadhali nikaulize mto wenyewe. Nilifika Nyangwe. Huko nilibeba samaki wakavu, nikapiga kasia, nikajifunza kuziba mipira ya baiskeli. Kisha nikahamia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kisha kwenye ghala la pamba, kisha kwa mzungu mmoja aliyekusanya vipepeo na kuwachoma sindano. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Kitu kimoja tu sikukielewa upesi, nikakaa nacho miaka tisa. Kitu hicho ni lutuku.

Ninyi mnaijua lutuku, lakini mkaguzi atakayesoma karatasi hii huenda hajui, au atajifanya hajui. Ni pombe kali ya mihogo na mahindi. Huchemshwa ndani ya chungu na mvuke wake hupitishwa kwenye bomba. Serikali iliikataza, kwa hiyo ilipikwa porini na nyuma ya nyumba. Wazungu walikuwa na yao ndani ya chupa zilizobandikwa karatasi. Hiyo haikukatazwa, kwa sababu ilikuwa na karatasi.

Nilipikia nyuma ya nyumba yangu ya Kasongo, na nyumba hiyo ilikuwa na mke. Mwavita ni Mbangubangu wa Kabambare. Alilima mpunga, mimi nikanywa. Hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi moja polisi walikuja wakakuta chungu kingali cha moto. Sajini akauliza ni cha nani. Nikasema ni cha mke wangu. Wakamwuliza Mwavita. Hakuwajibu. Alinitazama mimi, akingoja nisahihishe. Sikusahihisha.

Alifungwa siku thelathini katika kasho ya Kasongo. Kazi yake ilikuwa kukata majani kandokando ya barabara ya wakubwa. Nilipita barabara hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimelewa, sikumwona. Mara ya pili sikuwa nimelewa, nikajificha.

Alipotoka hakurudi hata kuchukua nguo zake. Alikwenda Kabambare kwa kaka yake, Asumani, na Asumani akaniletea maneno kwa mdomo wa msafiri. Nisitume mtu. Nikikaa misimu miwili ya mvua bila kunywa, wao watasikia, kwa sababu habari ya mtu kama mimi kuacha pombe haiwezi kufichika. Asumani atakuja kuniangalia kwa macho yake, kisha Mwavita ataamua kama anarudi au harudi. Basi yote mtakayosoma chini hapa, pamoja na upumbavu, jueni kwamba nilikuwa ninahesabu mvua.

Salamabila nilikwenda kwa sababu mtu aliniambia dhahabu inang'aa ndani ya maji. Haing'ai. Inafanana na mchanga ambao mtu ameuchafua kwa makusudi. Juma langu la kwanza katika kambi ya kampuni ya dhahabu, bila lutuku, nilianguka nikitetemeka, na muuguzi akanifunga kitandani kwa vitambaa. Karani aliyeandika majina ya wagonjwa aliitwa Kalonda. Aliitazama mikono yangu ikiruka juu ya blanketi, akaniletea daftari na kalamu ya risasi, akasema mikono kama hiyo ipewe kazi. Nilimwuliza niandike nini. Akasema niandike kwa nini ninatetemeka.

Niliandika kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wa darasa la tatu na wa kitetemeko pamoja. Ungedhani kuku amekanyaga wino. Chungu nilikiweka ukurasa wa pili, ili nikivuke mapema niendelee. Nawaambia ninyi mtakaowaandikisha watu habari zao: msiwaulize walikunywa kiasi gani. Hilo watalitaja kwa kujivuna. Waulizeni ni jambo gani wanataka kulivuka mapema.

Kalonda alilipeleka daftari kwa mzungu mkuu wa wafanyakazi. Huyu tulimwita Bwana Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo ndiyo aliyozunguka kambini kutazama nani ameshindwa kuamka. Alisomewa yote. Akasema ni maandishi mazuri na yatasaidia, ila ukurasa wa pili utoke. Mwanamume anayemsingizia mke wake hafundishi kitu, alisema, kila mtu anafanya hivyo. Halafu akauliza nyoka wako wapi. Alikuwa amesoma mahali kwamba walevi huona nyoka. Nilimwambia sijaona nyoka hata siku moja. Niliwahi kuona kiti cha bibi yangu kikitembea. Akasema kiti hakitoshi. Kalonda akachukua rula, akaukata ukurasa wa pili kwa mstari ulionyooka vizuri sana, na mimi nikaajiriwa.

Siku ya kwanza nilisimama juu ya sanduku la sabuni mbele ya watu mia moja waliotoka shimoni, wana njaa na matope mpaka magotini. Nilifungua daftari nikasoma. Nilisoma kama padri mgeni. Nilipofika ukurasa wa nne walikuwa wamebaki kumi, na ukurasa wa sita alibaki mama mmoja. Nilimshukuru kwa kunisikiliza. Akasema hakuwa ananisikiliza, alikuwa anangoja sanduku.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Songoro, muuza dawa wa soko la Kasongo. Alikuwa na unga wa magome uliotibu kila ugonjwa, pamoja na magonjwa ambayo hayajafika Maniema. Nilipopelekwa Kasongo kuchukua sare yangu nilimsikiliza tangu asubuhi mpaka alipokunja mkeka, kisha nikamwuliza anafanyaje. Akacheka, akanikalisha. Alisema nisiwatazame wanaocheka, hao nimekwisha kuwapata, nimtazame aliyekunja mikono. Nianze na harufu, kwa kuwa mtu anaweza kufunga masikio lakini pua haina mlango. Nisiseme kamwe kwamba pombe ni mbaya. Wanajua ni mbaya, na hiyo siyo sababu wanayoinywea. Nishuke wakati bado wananitaka. Alisema na jambo moja zaidi, ambalo nililipenda sana siku ile na baadaye likaniunguza. Watu, alisema, hawaji kusikia yaliyokupata wewe. Wanakuja kusikia yale wanayoogopa yatawapata wao.

Daftari nikalifunga. Nikaanza na harufu. Watu wakabaki.

Katika vifaa, mtaona ghalani chungu kikubwa chenye bomba la shaba. Msikitumie. Bwana Jumatatu alinipa seti hiyo iliyokamatwa na polisi, akitaka watu waone uovu kwa macho. Mimi ni mtu wa kupenda kujua, na mtu wa namna hiyo hawezi kueleza kitu nusunusu. Nilieleza kila sehemu. Nilieleza kwa nini bomba lipite kwenye maji baridi, na mfuniko unazibwa kwa nini, na wapishi wabaya hukosea wapi. Watu walisikiliza kuliko siku zote, hata waliokunja mikono walikunjua. Wawili waliuliza maswali ya busara. Baada ya mwezi polisi walikuta mitambo mitano mipya kambini, yote imeundwa sawasawa. Mmoja wa waliokamatwa aliulizwa amejifunza wapi. Akasema, bila hila yoyote, kwamba alifundishwa na kampuni.

Kuna jambo lingine ambalo sinema yenu haitawaambia. Kuisimulia pombe ni kuinywa bila kikombe. Nilipoeleza jinsi tone la kwanza linavyodondoka, wasikilizaji waliona machozi machoni mwangu wakasema ni toba. Yalikuwa mate yaliyokosea njia. Nilishuka sandukuni huku magoti yananivuta kule harufu inakotoka, na wakati mwingine ilitoka kwa wale wale walionipigia makofi. Songoro hakuwa na unga wa hilo. Dawa yangu ilikuwa kwenda moja kwa moja kwa wapasua mbao. Msumeno wao mrefu huvutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini ndani ya shimo. Niliomba chini. Vumbi la mbao linamshukia mtu wa chini kichwani na kinywani, na kinywa kilichojaa vumbi la mbao hakiombi kitu. Mtafute msumeno wenu. Kama hamjawahi kunywa, basi sijui kampuni imewaajiri kwa kigezo gani.

Sasa niseme juu ya uongo, kwa sababu ndio ulionitia mashakani.

Nyoka walianza wawili, kwa amri. Watu waliwapenda. Wakawa wanne, wakawa saba, na wa saba akasema Kifaransa. Hapo makarani walicheka mpaka wakashikana. Sikuona vibaya, nyoka ni wa Bwana Jumatatu, nikasema mwenyewe atajibu. Lakini hadithi ya nyoka inachekesha tu, na Bwana Jumatatu alitaka na kilio. Nilikuwa nasema mke wangu aliondoka. Watu waliitikia kwamba alifanya vizuri. Hakulia mtu. Nikasema aliondoka akiwa mgonjwa. Wakaanza kusogea karibu.

Siku moja, katika kambi ya upande wa Kabambare, mama wa mstari wa mbele aliuliza kama mke wangu alipona. Alikuwa amekunja mikono, lakini macho yalikuwa yamelowa. Nilimtazama kama fundi anavyotazama ubao kabla ya kupiga randa. Nikasema hapana, alikufa.

Kambi yote ikalia. Kalonda alitafsiri, na Bwana Jumatatu akavua kofia. Tangu hapo Mwavita alikufa kila juma, katika kambi saba, kwa zamu. Nilimpa maneno ya mwisho. Yalikuwa maneno marefu, yenye msamaha ndani, na nilijivunia sana. Mwanamke ambaye katika ndoa yetu yote hakuwahi kusema maneno kumi mfululizo, nilimfanya afe kama mwanasheria.

Wakati huo wote sikuwa nimeonja hata tone. Msimu wa pili wa mvua ulikuwa umeanza, nikawa natazama njia ya Kabambare. Nilijua watu wanapeleka habari zangu huko. Nilifikiri watapeleka ile ya kuacha pombe na kuziacha zile nyingine, kana kwamba mpeleka habari ni mtu wa kuchagua mchele.

Walikuja Jumapili mchana, watu wanane, wakilia tangu mlangoni mwa kambi. Walikuwa wamejipaka majivu usoni, na wanawake wamejifunga kamba viunoni kama watu wa matanga. Nilitoka nitazame nani amefiwa. Walifika mpaka mbele ya nyumba yangu wakakaa chini. Aliyewaongoza alikuwa Asumani.

"Shemeji," alisema, "tumesikia dada yetu alikufa huku. Tumekuja kulia. Utuonyeshe kaburi."

Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba hakuna kaburi.

"Alikufa kambi saba, na kaburi hapana hata moja? Kwenu Kasongo munatupa watu wapi?"

Wanawake wakaongeza kilio. Shangazi mmoja mzee alikatiza akaomba maji, akanywa, akaendelea pale alipoachia. Watu wa kambi waliokuwa wamelia juu ya hadithi yangu walikuja na ndizi na kuni, kwa huruma ya kweli, wakakaa nao. Nilisimama katikati ya matanga ya mtu aliye hai na sikuwa na pa kuweka mikono. Kisha Asumani akanyoosha kidole mwisho wa mstari, kwa mwanamke aliyejipaka majivu kama wengine lakini halii.

"Na huyu," akasema, "amekuja kujililia mwenyewe."

Mwavita aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu barabara ya wakubwa.

"Nilisikia nilisema maneno mengi mbele ya kufa," alisema.

Watu wa kambi walitazama majivu, wakanitazama mimi, wakakusanya ndizi zao.

Kesi ilisikilizwa Kabambare, kwenye baraza la chifu, siku nzima. Shauri lilikuwa hili. Kwao, anayemlilia mtu hai anamsukuma kaburini, na misukumo yangu ilikuwa mingi kuliko waliyoweza kuhesabu. Walinihukumu nirudi katika kila kambi niliyomuua, na kwa mdomo ule ule niseme yu hai, naye asimame pale watu wamwone. Mpaka kambi ya saba iishe, yeye si mke wala si mjane, na mtu asimwulize neno la ndoa. Kambi ya saba ikiisha, atasema anakwenda Kasongo nami au anarudi Kabambare na kaka yake, na neno hilo halitarudiwa. Mzee mmoja wa baraza aliniuliza kama kweli nimeacha lutuku. Nikasema ndiyo. Akasema afadhali ningekunywa nikanyamaza.

Kalonda alimwambia Bwana Jumatatu kwamba tunajaribu somo jipya, tukapewa ruhusa. Tulikwenda kwa miguu, mimi mbele, Mwavita nyuma, na Asumani katikati kama ukuta. Nilipojaribu kuongea na Mwavita, Asumani alijibu. Nilimwuliza kama amechoka. Asumani akasema mfu hachoki.

Kambi ya kwanza nilipanda sandukuni nikasema Mwavita hakufa, huyu hapa. Mwanamume mmoja alikimbia. Kambi ya pili wanawake walimfinya mkono waone kama ana nyama. Kambi ya tatu alikuwapo yule mama aliyeuliza kama mke wangu alipona. Alimkagua Mwavita kutoka miguuni hadi kichwani, akamsalimu vizuri, kisha akaja akanipiga kofi, akasema hilo ni la machozi yake. Kambi ya nne walimwomba Mwavita awasemee yale maneno ya mwisho. Akasema hajayafikia. Watu walicheka mpaka walinzi wakaja kuona kuna nini. Nilihuzunika kidogo, kama fundi. Nilikuwa nimewahangaikia wale nyoka mwaka mzima, naye kwa neno moja amewapita wote saba.

Kambi ya tano, kambi ya sita, kicheko kilizidi. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuishi juu ya sanduku, nilifikiri mambo yanakwenda vizuri. Nilidhani watu wakicheka na Mwavita amecheka. Sikutazama aliyekunja mikono.

Kambi ya saba ilikuwa Salamabila yenyewe. Bwana Jumatatu alikalia kiti chake, Kalonda kando yake, na upande wa pili sajini wa polisi aliyekuja kwa kazi nyingine akakaribishwa kutazama. Nilikuwa tayari nimeweka mguu mmoja juu ya sanduku. Nyuma yangu nikasikia Asumani akimwuliza dada yake kama hukumu sasa imekwisha.

"Amesema niko muzima," Mwavita akajibu. "Hajasema chungu kilikuwa cha nani."

Alisema kwa sauti ya kawaida, si ya kunisikilizisha, wala si ya kunificha. Ndipo nilipoelewa kwamba kambi sita alikuwa ananingoja, kama alivyoningoja asubuhi ile mbele ya polisi, na kwamba hangeniomba. Neno hilo akiliomba, atakuwa amelisema yeye.

Nilipanda. Nimepanda sanduku lile mara zisizo na hesabu, na siku zote ulimi wangu ulikuwa umelowa kupita kiasi. Siku ile ulikauka. Kumdanganya polisi ni kosa, na sajini alikuwa pale, mikono juu ya mkanda. Ukurasa huo Bwana Jumatatu aliukataza. Nikiusema, huenda jioni nisiwe na kazi, au niwe na kasho. Nisipousema, njia ya Kabambare ilikuwa wazi kwa watu wawili, na mimi si mmoja wao.

"Chungu kilikuwa changu," nilisema. "Polisi walipokuja nilisema ni cha muke yangu. Akafungwa siku makumi tatu pahali pangu. Alikata majani kando ya barabara. Nilimuona. Nikajificha."

Nikatafuta la kufuata, sikulipata. Hakukuwa na harufu ya kuanzia wala mahali pazuri pa kushukia.

Hakucheka mtu. Hakulia mtu. Kijana mmoja wa nyuma aliuliza, kwa adabu, kama nyoka wanakuja. Bwana Jumatatu alimwinamia Kalonda kuuliza nimesema nini. Kalonda, ambaye ndiye aliyeukata ukurasa huo kwa rula yake, alifikiri kidogo, kisha akamwambia kwa Kifaransa kwamba nimesema pombe inaleta shida katika familia. Bwana Jumatatu akakubali kwa kichwa, akatazama saa. Sajini alijua Kiswahili kuliko wote wawili. Aliangalia viatu vyake muda mrefu, kama mtu ambaye naye ana chungu chake mahali fulani, halafu akaenda zake.

Kwa hiyo sikufungwa wala sikufukuzwa. Tangu siku hiyo mpaka mwezi uliopita nilianza kila mara na chungu, kisha barabara ya majani, kisha mengine kama yalivyokuwa, na kiti cha bibi kikitembea. Nyoka niliwaachisha kazi. Watu waliokuja walipungua, na Bwana Jumatatu aliandika kwamba nguvu yangu inaisha. Lakini wachache walikuwa wanabaki baada ya wengine kuondoka, wakizungukazunguka karibu na sanduku, mpaka mmoja anasema ana neno. Neno hilo halikuwa juu ya pombe. Hao ndio kazi. Wengine ni hesabu ya mkaguzi.

Niliposhuka siku ile, nilikwenda kusimama mbele ya Mwavita, kwa kuwa hukumu ilikuwa imekwisha na sasa neno lilikuwa lake. Aliuchukua mzigo wake, lile tenga la wanawake linalobebwa mgongoni kwa ukanda wa gome unaopita kwenye paji la uso, akaliweka chini miguuni pangu.

Kwetu mwanamume anaweza kubeba bunduki, mtumbwi, hata mzungu ndani ya kiti, na asichekwe. Tenga la mwanamke, ukanda kwenye paji la uso, mbele ya watu, hilo sikuwa nimewahi kuliona, wala sijaliona tena.

"Ubebe," akasema.

Niliinama nikauvaa ukanda. Kichwa kilivutwa nyuma, shingo ikasimama, nikaanza kutembea kama bata mzinga. Kambi ile ililipuka. Wanaume waliotoka shimoni wamechoka walikaa chini kabisa, wakipiga mapaja. Bwana Jumatatu aliuliza hiki nacho ni nini, na safari hii Kalonda hakupata Kifaransa chake.

Mwavita alitangulia mikono mitupu. Njia ikitoka kambini inagawanyika, kushoto Kabambare, kulia Kasongo. Alifika pale akasimama. Asumani alikuwa amekwisha kushika ya kushoto.

"Mwambie mama nitakuja wakati wa kuvuna karanga," alimwambia, akashika ya kulia.

Kutoka Salamabila hadi Kasongo kwa miguu ni siku nne. Kila kijiji tulichopita watu walitoka nje kunicheka, wakatusalimu, na Mwavita akaitikia salamu zote kwa ajili yetu wawili.